Hiyo Filamu Haikufutwa, Shemeji

Jumapili iliyopita tulikuwa Tabata, kikao cha harusi ya binamu yangu. Mweka hazina anasoma orodha ya ahadi. Akifika kwenye jina la mtu ambaye ahadi yake ina miezi mitatu na shilingi haijaonekana, anasita, anakohoa kidogo, anaendelea. Hapo katikati shemeji yangu, ambaye kila kikao lazima atuletee mambo ya dunia, akaanza: "Wamarekani nao! Wameandamana mwaka 2020, wakafuta filamu zao za zamani. Ile Gone with the Wind mpaka leo huipati popote." Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mimi nikanywa soda yangu, kwa sababu dada alishanipiga jicho la "usianze".

Sasa naanza.

Kazi yangu ni haki na ratiba za televisheni, mwaka wa kumi na sita huu. Mimi ndiye ninayejua kipindi gani tumenunua, kinaruhusiwa kurushwa nchi zipi, mara ngapi, na leseni inakufa lini. Ukipiga simu kituoni ukiwa na hasira kwamba tamthilia yako imekatika katikati ya utamu, simu hiyo inaishia mezani kwangu. Na hiki alichosema shemeji nimekisikia kwenye daladala, kwenye semina, kwa wanafunzi wa field, na kwa bosi mmoja ambaye alipaswa kujua zaidi.

Tatizo la kwanza ni letu, la lugha. Kiswahili kimelitwika neno "kufuta" mizigo mingi mno. Tunafuta ubao, tunafuta kesi, tunafuta leseni, tunafuta machozi, tunafuta picha kwenye simu. Habari ikitoka Marekani kwamba kampuni imeitoa filamu kwenye jukwaa lake la mtandaoni, mhariri wetu anaandika "yafutwa", na msomaji anaona mtu na kiberiti mbele ya rundo la kanda. Ofisini kwetu hatuwezi kuishi hivyo. Kuondoa ni kuishusha kwenye rafu yako mwenyewe. Kusitisha ni kuacha kutengeneza au kurusha vipindi vipya. Kupiga marufuku ni kazi ya dola. Kufuta, kufuta kwenyewe, ni nakala isiwepo tena. Mambo manne, na mtu anayeyachanganya mbele ya mwanasheria wa mikataba anaweza kuigharimu kampuni fedha nyingi.

Tuanze na hiyo filamu. George Floyd, Mmarekani mweusi, aliuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, na maandamano yakaanzia hapo. Jukwaa la HBO Max lilifunguliwa tarehe 27 Mei, siku mbili baadaye, na ndani yake ilikuwemo Gone with the Wind ya mwaka 1939, karibu saa nne za watumwa wenye furaha na mabwana wenye huzuni. Mapema Juni mwandishi wa filamu John Ridley akaandika katika gazeti la Los Angeles Times akiomba ishushwe kwa muda, kisha irudishwe ikiwa na maelezo. Alisema wazi kwamba hataki ifungiwe stoo. Tarehe 9 Juni ikashushwa. Tarehe 24 Juni ikarudi.

Siku kumi na tano, shemeji. Kuna watu wanakaa na chombo cha jirani siku nyingi kuliko hizo.

Iliporudi hakuna fremu hata moja iliyokatwa. Kilichoongezwa ni utangulizi wa dakika chache wa Profesa Jacqueline Stewart wa Chuo Kikuu cha Chicago, na mjadala wa saa nzima kwa anayetaka kuutazama. Na wakati imeshushwa, DVD zilikuwa zinauzwa kama kawaida, tena zilinunuliwa mpaka filamu ikapanda kileleni mwa orodha ya mauzo ya Amazon. HBO Max ilikuwa mali ya WarnerMedia, na filamu ilikuwa mali ya WarnerMedia. Mwenye duka kashusha bidhaa yake kwenye rafu yake, akaipangusa, akairudisha na kikaratasi. Serikali haikuhusika.

Marufuku tunayajua sisi wa huku. Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, ikaonya kwamba hata kuwa na nakala yake ni kuvunja sheria. Septemba mwaka huohuo ikabidi jaji asimamishe marufuku kwa siku saba ili ionyeshwe. Ukishaona jaji anawapa watu siku saba za kutazama sinema, ndipo unajua maana ya neno hilo.

Kuna kitu kingine kinachonikera katika hadithi hii ya "maandamano yalifuta", nacho ni ile dhana kwamba kabla ya 2020 watu weusi walikuwa wameridhika na filamu hiyo, kisha vijana wa mtandaoni wakawaamsha. NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kililalamika tangu inatengenezwa. Ilipozinduliwa Atlanta, Desemba 1939, Hattie McDaniel aliyeigiza ndani yake hakuhudhuria, sababu ni sheria za ubaguzi za Georgia. Februari 1940 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, na usiku huo alikaa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Malalamiko ya mwaka 2020 yalikuwa na umri wa miaka themanini.

Na ukitaka filamu ambayo kweli huipati, iko Song of the South ya Disney, ya mwaka 1946, nayo inayolaumiwa kwa jinsi inavyowaonyesha watu weusi. Disney haijawahi kuitoa kwa kanda wala DVD za nyumbani nchini Marekani. Uamuzi huo haukutangazwa kwa mbwembwe. Watu wa biashara walikaa, wakapiga hesabu, wakanyamaza. Ukimya wa namna hiyo haumwudhi mtu kwenye kikao cha harusi.

Vichekesho vya waigizaji wasio weusi waliojipaka uso rangi nyeusi, navyo vilivyoshushwa mwaka 2020, nitavipitia haraka, ingawa hapa ndipo ninapopungukiwa na uhakika. Sehemu nne za 30 Rock ziliondolewa kwa ombi la wasimamizi wake wakuu wenyewe, Tina Fey aliyekibuni kipindi na Robert Carlock. Siwezi kugombana na mtu anayeomba kazi yake ishushwe. Uingereza, kampuni ya televisheni ya UKTV ilishusha sehemu moja ya Fawlty Towers, hiyo si kwa rangi usoni bali kwa maneno ya kibaguzi, kelele zikapigwa, ikairudisha ndani ya siku chache na onyo mbele. Harufu ya ofisi yenye hofu ilinifikia mpaka huku. Lakini ile sehemu ya Community iliyoondolewa na Netflix bado sijaielewa. Ndani yake mhusika anajipaka rangi nyeusi kwa ajili ya mchezo, na mwenzake mweusi anamshangaa papo hapo. Mzaha unamgeukia aliyejipaka. Nadhani mtu fulani alipewa orodha yenye kichwa "rangi nyeusi usoni" na hakutazama kipindi. Najua kwa sababu orodha za namna hiyo nimeshapewa, saa kumi na moja jioni, Ijumaa.

Na kuna swali ninalolikwepa mbele ya shemeji. Nimesema kuondoa si kufuta. Sawa, ikiwa kuna DVD. Kipindi kilichotengenezwa kwa ajili ya jukwaa moja tu, hakijawahi kuuzwa kwenye kanda, na mwenye jukwaa akakiondoa, tofauti yake na kufuta ni ipi? Faili lipo kwenye seva ya mtu. Mimi kwenye jedwali langu nitaandika "ipo". Mtazamaji ataandika "haipo". Sijui ni nani kati yetu yuko sahihi. Hata hayo maonyo ya mwanzoni sijui yanamsaidia nani. Sijakutana bado na mtu aliyebadilika kwa kusoma bango la sekunde kumi.

Pesa sasa. Hapa mweka hazina wetu angefaa sana kuajiriwa na kampuni za muziki. Jumanne ya tarehe 2 Juni 2020, Jamila Thomas na Brianna Agyemang, wanawake wawili weusi wa ndani ya tasnia hiyo, waliomba kazi isimame siku moja ili watu wazungumze kampuni zilizotajirika kupitia watu weusi zinadaiwa nini nao. Kufika mchana wazo lilishageuka miraba myeusi mamilioni kwenye Instagram, mingine ikiwa na alama ya #BlackLivesMatter, kwa hiyo waandamanaji waliokuwa wakiitumia alama hiyo kupashana habari wakakuta kiza. Spotify ikaweka ukimya wa dakika 8 na sekunde 46, muda uliotajwa wakati ule kwamba polisi alimkandamiza Floyd shingoni, kwenye baadhi ya orodha zake. Warner Music na Sony Music zikaahidi kila moja dola milioni 100, Universal milioni 25. Ahadi. Zilisomwa kwa sauti kubwa kuliko za Tabata.

Kilichonivutia mimi ni vitu vidogo vya makaratasi vilivyokuja baada ya kamera kuondoka. Kampuni ya muziki ya BMG ilipekua mikataba ya zamani ya katalogi, yaani mikusanyo ya rekodi, ilizonunua, na Desemba 2020 ikakiri kwamba katika nne kati ya 15 wasanii weusi walikuwa wanalipwa viwango vya chini kuliko wengine. Juni 2021 Sony ikaamua kutohesabu tena madeni ya malipo ya awali ya wasanii waliosaini kabla ya mwaka 2000 na ambao hawajapewa malipo mengine ya awali tangu hapo. Ni mpango wa wasanii wa rangi zote. Lakini kumbuka mfumo wenyewe: unasaini, unapewa fedha ya mbele, kisha mrabaha wako unakwenda kwanza kulipa fedha hiyo. Wapo waliozeeka wakijisikia redioni, na kwenye vitabu bado wanadaiwa. Mraba mweusi haukumfikia mtu huyo. Mstari mmoja kwenye leja ulimfikia.

Sasa vipindi vya polisi, vile ambavyo kamera zinawafuata polisi halisi kazini, ambavyo shemeji hakuvitaja, wala hakuna anayevitajaga. Tarehe 9 Juni Paramount Network ilisitisha Cops, kipindi kilichoanza mwaka 1989, ambacho Color of Change, shirika la kutetea haki za watu weusi, lilikuwa likikipigia kelele tangu 2013. Kesho yake A&E ikasitisha Live PD. Wengi waliandika kwamba "vimefutwa". Cops ilirudi mwaka 2021 kupitia Fox Nation. Live PD ilirudi Julai 2022 kwenye Reelz, ikiwa na jina jipya na mtangazaji yuleyule, Dan Abrams. Mwezi uliofuata A&E ikafungua kesi kwamba kipindi hicho ni mali yake kimenakiliwa. Mimi wa haki nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini: walichokiacha kwa ajili ya dhamira walikifuata mahakamani kwa ajili ya hakimiliki.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakikurudi. Machi 2019, Texas, maofisa wa kaunti ya Williamson walimfukuza kwa gari Javier Ambler, baba mweusi wa miaka 40, chanzo kikiwa ni kutopunguza taa za mbele. Walipomkamata walimpiga shoti za umeme mara kadhaa. Aliwaambia ana ugonjwa wa moyo. Aliwaambia hawezi kupumua. Akafa. Wapiga picha wa Live PD walikuwapo, kamera zinazunguka. Picha hazikurushwa, maana kanuni za kituo zilikataza kuonyesha kifo, na hilo naweza kulielewa. Kisha, kituo kilipoelezwa kwamba uchunguzi umekwisha, picha hazikuhifadhiwa. Habari yenyewe ilitoka tarehe 8 Juni 2020. Siku mbili baadaye kipindi kikasitishwa. Mwaka 2021 Texas ikapitisha sheria yenye jina la Ambler, inayokataza polisi kuingia mikataba na vipindi vya aina hiyo.

Kwa hiyo katika mwezi ule ambao dunia nzima iliimba kwamba filamu zinafutwa, kulikuwa na picha zilizofutwa kweli, na zilifutwa zamani, kabla ya maandamano, kwa utaratibu wa kawaida wa ofisi kama yangu. Kila kampuni ina ukurasa mmoja unaosema picha ghafi zisizotumika zinatunzwa siku ngapi. Hakuna anayeusoma. Mimi nimeshausaini.

Kituo nilichoanzia kazi kilikuwa na stoo ya kanda za Betacam, na kanda mpya ilikuwa ghali, hivyo tulirekodi juu ya za zamani. Miaka kadhaa baadaye nilirudi pale kutafuta kitu kingine nikashika kanda yenye lebo tatu. Ya chini: "Mahojiano, wazee, Kilwa", imekatwa kwa kalamu. Juu yake: "Ligi", imekatwa. Juu kabisa: "Kwaya, Pasaka". Mwandiko wa ile ya juu ulikuwa wangu. Niliiweka kwenye mashine. Kwaya ikaimba mpaka mwisho, wakainama, picha ikaruka, na kwa sekunde kama nane akatokea mzee amekaa kwenye mkeka, amenyanyua mkono, anafungua mdomo kusema. Halafu mistari.