Reli ya Beira: futi mbili zilizolipiwa mara mbili

Chukua futikamba, pima milimita 610, yaani futi mbili, sakafuni, kisha simama mguu huku na mguu huku. Huo ndio upana wa reli iliyoanza kujengwa mwaka 1892 kutoka Mto Pungwe, Msumbiji, kwenda Umtali, mji ambao leo ni Mutare, Zimbabwe. Mimi ni mhandisi wa njia ya reli, na kila nikiirudia historia yake naona kosa lilelile: walibana matumizi pasipobanika.

Kampuni ya Cecil Rhodes ilikuwa imeingia Mashonaland, sehemu ya Zimbabwe ya leo, mwaka 1890. Bandari ya karibu ilikuwa Beira, ila katikati palikuwa na bonde lenye mbung'o, ng'ombe wa kukokota magari hawapiti. Mkataba wa Uingereza na Ureno wa 1891 ukaruhusu reli. Kazi akapewa mkandarasi George Pauling, na aliyeisimamia porini ni Alfred Lawley.

Kwa nini futi mbili? Reli nyepesi, tuta dogo, kona kali zinazozunguka kilima badala ya kukichimba. Kwa mwenye mfuko mwembamba, hesabu hiyo inavutia. Hata hivyo hawakuanzia baharini. Walianzia Fontesvilla, mtoni, kwenye uwanda wa mafuriko na malaria iliyoua wafanyakazi wengi mno, Wazungu, Wahindi na Waafrika. Mizigo ilipanda mto kwa mashua ndipo ipakiwe kwenye mabehewa. Kipande cha Beira hadi Fontesvilla kilikuja kukamilika mwaka 1896.

Mwaka huohuo sotoka ilifagia ng'ombe kusini mwa Afrika, na Washona na Wandebele wakainuka dhidi ya wakoloni. Reli ikawa ya kufa na kupona. Tatizo, Umtali ilikuwa nyuma ya mlima, na kuupanda kungekula fedha nyingi. Wakauhamisha mji! Wenye viwanja wakalipwa fidia, wakasogea kilomita kama 16 hivi. Nimezoea kuona nyumba zikivunjwa kuipisha reli. Mji mzima kuifuata reli ni jambo jingine.

Garimoshi likafika Februari 1898. Lakini njia ya kutoka Umtali hadi Salisbury, Harare ya leo, ilijengwa kwa geji, yaani upana wa njia, ya milimita 1,067 na kufunguliwa 1899. Basi kila gunia likawa linashushwa behewa hili na kupandishwa lile. Anayeijua Kidatu, Tanzania, ambako TAZARA ya 1,067 inakutana na reli ya mita moja, hahitaji kuelezwa adha hiyo.

Kufikia 1900 zaidi ya kilomita 300 zilikuwa zimepanuliwa. Na kupanua si kusogeza chuma kimoja pembeni. Taruma, ule mhimili unaolazwa chini ya reli, la njia ya futi mbili ni fupi, halibebi reli pana, kwa hiyo yote yanang'olewa. Tuta linaongezwa udongo, madaraja yanaimarishwa, na zile kona kali, ambazo ndizo zilizookoa fedha mwanzoni, zinanyooshwa. Ni kujenga upya huku treni zikipita.

Vile vichwa vidogo vya treni vikaegeshwa Bamboo Creek, kituo cha njia hiyo, miaka na miaka. Mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimefanya vichwa viwe adimu, kadhaa vilinunuliwa na Shirika la Reli la Afrika Kusini. Huko viliitwa Lawley.