Mafunzo kazini bila posho hayamfikii kila kijana

Hapa Tanga wengi wanaamini kwamba kampuni ikishatangaza nafasi za mafunzo kazini bila posho, imetoa fursa sawa kwa vijana wote, na kwamba kijana wa Makorora au Magaoni asiyejitokeza ni mvivu. Dhana hiyo si sahihi, tena inawaumiza wasiostahili.

Mafunzo yasiyo na posho yana gharama, ila anayeibeba ni mwanagenzi mwenyewe: nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana, na buti za usalama ambazo asipozivaa haruhusiwi kuingia karakana. Kijana anayetegemewa nyumbani kuleta fedha ya unga kila jioni, kwa kubeba mizigo sokoni au kuendesha bodaboda ya mtu, hawezi kuiacha riziki hiyo kwa miezi mitatu, hata kama ana cheti cha uchomeleaji cha VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi. Nafasi humwendea mwenye wazazi wa kumgharimia, na mara nyingi ndiye aliye na mjomba ofisini wa kumpa taarifa mapema.

Mwajiri anayewataka vijana hao kwa dhati atoe posho ya nauli na chakula, na tangazo libandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa. Aliyejifunza uchomeleaji kwenye gereji asikataliwe kwa kukosa cheti, kwa kuwa VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Aelekezwe huko akapimwe.