Chupa moja, majina mawili: dawa na sumu

Neno "dawa" halikai hospitalini tu. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya nywele, dawa ya mbu, dawa ya panya. Hata deni lina dawa yake, nayo ni kulipa. Kwa hiyo dawa si lazima iponye. Yatosha imalize tatizo. Ndiyo maana mkulima wa nyanya akifika duka la pembejeo huomba dawa ya kantangaze, mdudu anayeharibu nyanya, na hakuna anayeshangaa.

Lakini neno haliji peke yake, huja na mazoea yake. Ugonjwa ukizidi, dawa huongezwa. "Dawa kali" ni sifa, si onyo. Dawa huwekwa ndani, karibu na watu, na hakuna avaaye glavu kumeza kidonge. Mazoea hayo yakihamia shambani, mtu huzidisha kipimo, huchanganya chupa mbili "ili ishike vizuri", kisha hupuliza huku upepo ukimrudishia usoni.

Sasa chukua chupa ile ile. Mtoto akiiokota na kuinywa, jioni mtaa mzima utasema amekunywa sumu. Jana ilikuwa dawa. Kilichobadilika ni nani aliyedhurika: ikiua mdudu ni dawa, ikimgusa binadamu ni sumu. Kumbe dawa nyingi za kuua wadudu hushambulia mishipa ya fahamu, na mishipa hiyo sisi pia tunayo.

Wataalamu wa Tanzania wana neno lao, "viuatilifu", na limo hata katika jina la mamlaka inayovisimamia, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ni neno la kweli, maana kitenzi "ua" kimo ndani yake waziwazi. Tatizo ni kwamba linaishi kwenye semina na nyaraka, dukani halisikiki sana. Mvutano wa namna hii si wetu peke yetu. Nchini Brazili sheria ya mwaka 1989 iliziita bidhaa hizi *agrotóxicos*, jina lenye sumu ndani yake, ilhali watengenezaji hupenda kusema *defensivos agrícolas*, yaani kinga za mazao. Kila upande unajua jina linauza nini.

Neno "kemikali" limeteleza upande wa pili. Mtu husikia "haina kemikali" akatulia, ingawa maji na chumvi ni kemikali pia. "Ya asili" nayo hufungua milango yote. Pareto ni ua linalolimwa nyanda za juu za Iringa na Njombe, la asili kabisa, lakini dawa yake ikimwagikia bwawani huua samaki vibaya sana.

Kuna neno jingine linalotuchanganya: "hatari". Twalitumia kwa ukali wa kitu chenyewe na pia kwa uwezekano wa kudhurika nacho. Simba aliye Serengeti ni mkali, lakini aliyekaa Kariakoo hana haja ya kumkimbia. Vivyo hivyo, mstari wa rangi chini ya lebo ya kiuatilifu (nyekundu, njano, bluu au kijani) unaeleza ukali wa kilichomo, nyekundu ikiwa kali kuliko zote. Hauelezi wewe utakipuliza vipi, mara ngapi, ukiwa umevaa nini. Tumezoea kijani cha taa za barabarani, basi wengine huisoma kama ruhusa.

Sidhani kama lugha hutufunga akili; wapo wakulima wengi wanaosema "dawa" na bado wanafunika mdomo na kuoga wakirudi nyumbani. Nisingemkataza mtu kusema "dawa". Ningependa tu mnunuzi aulize pale pale kaunta: inaingia mwilini kupitia wapi, na nikishapuliza nisubiri siku ngapi kabla ya kuvuna?