Ugenishaji katika uchoraji ni nini?

Ugenishaji ni mbinu ya sanaa inayokifanya kitu tulichokizoea kionekane kana kwamba ndiyo mara ya kwanza tunakiona. Mhakiki Mrusi Viktor Shklovsky aliieleza mwaka 1917, akidai kwamba mazoea hutufanya tuvitambue vitu bila ya kuviona, na kwamba kazi ya msanii ni kuuchelewesha utambuzi huo. Mfano wake mmoja ni hadithi ya Tolstoy inayosimuliwa na farasi asiyeelewa binadamu hukusudia nini asemapo "changu". Huku kwetu Lamu msimulizi bila shaka angekuwa punda.

Mchoraji wa zama zetu anayeidhihirisha vyema mbinu hii ni Michael Craig-Martin, mzaliwa wa Dublin, 1941. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 amekuwa akichora vitu ambavyo hakuna anayesimama kuvitazama: ndoo, kiti, balbu, ndara. Mstari wake ni mweusi, wa unene mmoja, usio na kivuli, na umbo ni sahihi kiasi kwamba hata fundi wa kitu hicho asingeona la kurekebisha. Rangi, ambazo alikuja kuzitumia kwa wingi baadaye, ndizo zinazoasi.

Tuichukue mbuzi ya kukunia nazi, tuichore kwa namna hiyo: kibao cha zambarau, ulimi wa chuma wa waridi, na nyuma yake kijani kitupu. Jicho linapokosa rangi ya mti na ya chuma, haliwezi kukimbilia moja kwa moja kwenye tui. Hulazimika kufuata jinsi miguu inavyopishana na jinsi ulimi ulivyochomoza mbele, mambo ambayo mpishi huyakalia kila siku asiyaone.

Kwa hiyo kuchora jini mwenye vichwa saba si ugenishaji, kwa kuwa jini hakuwa wa kawaida tangu hapo. Wala picha za jahazi na jua linalozama wanazouziwa wageni hazimo, hata zikichorwa kwa ufundi, kwani humpa mtazamaji kile kile alichokuja akikitarajia.

Mbinu yenyewe nayo huzoeleka, na pengine ndiyo maana Craig-Martin ameendelea hadi kwenye simu na kompyuta. Kaseti aliyoichora, kwa vijana wengi wa leo, ni ngeni hata bila ya kubadilishwa rangi.