Saa ya dhahabu: mwanajeshi akijeruhiwa vitani anaokolewaje

Watu wengi huku Unguja na Pemba wana mtoto au ndugu jeshini, na kila wakisikia vijana wamepelekwa Kongo kulinda amani suali linakuwa lile lile, akijeruhiwa kule msituni inakuwaje na hospitali iko wapi. Jibu lake limo ndani ya hichi kitu madaktari wa kijeshi wanachokiita saa ya dhahabu, na wengi tunakifahamu sivo.

Tunadhani majeruhi anapewa dakika 60, akiwahi hospitali kapona, akichelewa ndo basi. Hapana. Aliyeipa umaarufu fikra hii ni R Adams Cowley, daktari wa upasuaji wa Baltimore, Marekani, na hoja yake ni kwamba mwili ukipoteza damu nyingi viungo vinakosa oksijeni, na vikikaa hivo muda mrefu vinaharibika kwa ndani, kwa hivo mtu anaweza kutiwa damu na kushonwa vizuri kabisa na bado akafa siku kadhaa mbele kwa sababu uharibifu ulishafanyika zamani. Saa yenyewe inaanza pale pale risasi ilipoingia, sio pale gari la wagonjwa linapofika, na wengine hawana hata hiyo saa, mshipa mkubwa wa paja ukikatika ni dakika chache tu.

Wamarekani walichunguza vifo 4,596 vya wanajeshi wao waliojeruhiwa Iraq na Afghanistan kati ya 2001 na 2011, wakaona karibu asilimia 87 walikufa kabla ya kufika kwenye kituo chenye daktari wa upasuaji. Katika hao, kama robo hivi walikuwa na majeraha ambayo pengine wangepona, na katika robo hiyo tisa kwa kila kumi waliondoka kwa kuvuja damu. Khasa hili ndo linaniuma mimi, kwani damu inayotoka mguuni au mkononi haihitaji profesa, inahitaji mwenzake aliye karibu afunge toniketi, ule mkanda unaokazwa juu kidogo ya jeraha, upande wa kiwiliwili, mpaka damu ikate. Ndo mana majeshi siku hizi yanamfundisha kila askari, mpaka mpishi na dereva.

Umoja wa Mataifa una kipimo chao wanakiita 10-1-2. Ndani ya dakika 10 majeruhi awe ameshazuiliwa damu na kupewa huduma ya kwanza, ndani ya saa 1 awe mikononi mwa wauguzi na madaktari wenye vifaa, na ndani ya masaa 2 awe kwenye upasuaji akihitaji. Kwenye karatasi inapendeza, lakini tarehe 7 Disemba 2017 kambi ya vijana wetu wa Tanzania ilivamiwa kule Semuliki, Kivu Kaskazini, wakauawa wasiopungua 14 na kujeruhiwa zaidi ya 40, na risasi zikiwa bado zinalia hakuna rubani anayeshusha helikopta. Hapo zile dakika 10 ndo kila kitu.

Tuje kwenye upasuaji wenyewe, na hapa watu wanashangaa sana. Daktari wa karibu na vita hamalizi kazi, na kwa makusudi. Majeruhi aliyemwaga damu nyingi mwili unapoa, damu inajaa asidi, halafu inaacha kuganda, na haya matatu yanasaidiana kumuua, sasa ukimuweka mezani masaa sita unamtengeneza utumbo unamuulia pale pale. Ni kama ngalawa ikitoboka katikati ya mkondo wa Pemba, unasokomeza kitambaa ufike pwani, kalafati ya maana utaitia ukishapanda mchangani. Daktari anafunga mishipa inayovuja, anajaza vitambaa tumboni, mara nyingi tumbo linaachwa bila kushonwa, majeruhi anapashwa joto na kutiwa damu, halafu anapelekwa hospitali kubwa, na anarudishwa mezani baada ya siku moja au mbili. Ukimuona ndugu yako katika hali ile usidhani katelekezwa.

Uharaka nao unasaidia, hilo halina ubishi. Mwaka 2009 waziri wa ulinzi wa Marekani Robert Gates aliamuru majeruhi wa Afghanistan wafikishwe hospitali ndani ya dakika 60, na muda wa kawaida ukashuka kutoka dakika 90 mpaka 43 na vifo vikapungua. Lakini wale walikuwa wanaitawala anga, helikopta zao zinaruka bila kuogopa ndege za adui. Ukraine hakuna hiyo, droni zinawinda mpaka magari ya wagonjwa, majeruhi anakaa handakini masaa mengi, mara nyengine siku nzima, anasubiri giza ndo atolewe.

Na kule limetokea tatizo jengine, toniketi ikikaa zaidi ya masaa mawili nyama ya mguu inaanza kufa, na wako waliookoka na damu wakapoteza mguu ambao ungeweza kubaki. Kwa hivo siku hizi anayefunga anaandika saa aliyofunga, juu ya mkanda wenyewe au kwenye paji la uso, na mganga wa kikosi akifika anaangalia kama anaweza kuilegeza taratibu na kuweka bandeji ya kubana badala yake, kabla masaa mawili hayajatimia.