Paneli juu ya paa si mfumo tuli

Siku hizi kila jengo jipya linasifiwa kuwa "limeunganisha mifumo tuli na mifumo tendaji ya nishati". Ukitazama mchoro wake unakuta ukuta mzima wa vioo upande wa magharibi, kiyoyozi kila chumba na paneli za sola juu ya paa. Ukiuliza kilicho tuli hapo ni kipi, unaonyeshwa paneli, kwa kuwa jua ni la bure na paneli hazina kelele. Sivyo.

Mfumo tuli ni jengo lenyewe kufanya kazi kwa umbo lake, vifaa vyake na namna lilivyoelekezwa: kivuli, madirisha yanayopitisha upepo, kuta nzito zinazochelewesha joto. Mfumo tendaji hufanya kazi kwa vifaa vinavyotumia umeme au mafuta, au vinavyozalisha umeme: feni, pampu, kiyoyozi, taa, na paneli pamoja na vifaa vyake. Kuunganisha ni kuisanifu yote miwili kwa pamoja, ule tuli ukipunguza mzigo wa ule tendaji.

Watu wengi hukosea kwa kuangalia nishati inatoka wapi, badala ya kuangalia inasafirishwaje. Chukua hita ya maji ya sola. Tangi likiwekwa juu ya bamba linalopokea jua, maji yaliyopata moto huwa mepesi, yanapanda yenyewe kuingia tangini, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yao. Hakuna mota wala swichi. Huo ni mfumo tuli. Hamishia tangi chini, ndani ya nyumba, na sasa lazima pampu isukume maji. Jua ni lile lile na bamba ni lile lile, lakini mfumo umeshakuwa tendaji.

Lipo pia kosa la upande wa pili: kudhani jengo likiitwa tuli basi halina mashine kabisa. Nyumba ya kwanza ya Passivhaus (Kijerumani, maana yake "nyumba tuli"), iliyojengwa Darmstadt, Ujerumani, na kuanza kukaliwa mwaka 1991, inasifika kwa kuta zilizofunikwa vizuri zisipoteze joto. Kiwango kilichotokana nayo hakiruhusu zaidi ya kilowati-saa 15 za kupasha joto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Hata hivyo ina feni, kwa sababu nyumba isiyovuja hewa inahitaji hewa safi, na hewa chafu inayotoka huiachia joto lake ile inayoingia. Eastgate Centre ya Harare, Zimbabwe, jengo la ofisi na maduka, kazi ya msanifu Mick Pearce iliyofunguliwa mwaka 1996, nayo husimuliwa kana kwamba inajipoza yenyewe tu. Ukweli wake unavutia zaidi. Harare iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una ubaridi. Feni huvuta hewa hiyo ya usiku na kuipitisha kwenye uwazi ulio ndani ya sakafu za zege. Zege likishapoa, mchana hupoza hewa inayokwenda ofisini. Zege bila feni lisingepoa vya kutosha, na feni bila zege zingepuliza joto la mchana tu. Huko ndiko kuunganisha.

Ndiyo maana utaratibu wa kazi una uzito mkubwa. Kwanza zuia joto lisiingie, kisha piga hesabu ya mzigo uliobaki, ndipo uchague ukubwa wa mashine. Jua la alasiri huja likiwa chini, kwa hiyo ukingo wa paa hauwezi kulikinga dirisha la magharibi. Panatakiwa kizuizi cha nje. Pazia la ndani hupunguza mwako machoni, lakini sehemu kubwa ya joto imeshavuka kioo na iko chumbani. Mhandisi akiletewa jengo la namna hiyo likiwa limekamilika, hana la kufanya ila kuongeza viyoyozi, na paneli za kuvilisha.

Jengo la vioo lenye viyoyozi vinavyoendeshwa na sola lina mfumo tendaji mmoja unaoulisha mwingine. Tuliite jengo linalotumia umeme wa jua, nayo ni sifa halali. Jina la jengo lililounganisha mifumo tuliwekee lile ambalo vivuli na madirisha yake vilichorwa kabla ya viyoyozi kuagizwa.