CAR-T ikikosa kushika, acheni kulaumu mgonjwa

Wiki hii nimeisikia mara ya tatu. Shangazi mtu amekaa na faili ya India mapajani, kijana ako kando ameinama tu, na shangazi ananiambia, "Daktari, huyu hakufuata dozi, ndio mwili ukazoea dawa." Dozi gani jameni? CAR-T ni tiba ya kansa ya damu, seli za kinga za mgonjwa mwenyewe zilizobadilishwa maabara, na kwa kawaida zinawekwa mara moja, kamfuko kadogo kwa dripu, dakika chache imeisha. Hakuna tembe za kuruka, hii si malaria.

Na mwili haujazoea chochote, kansa ndiyo imejificha. Seli za T za mgonjwa, askari wa kinga yake, hutolewa zikawekewa jeni ya kutambua alama moja juu ya seli ya kansa, na kwa lukemia ya seli B, kansa ya damu, hiyo alama ni CD19. Sasa chukulia kanjo wametumwa washike mahoka wenye aproni nyekundu peke yao, mmoja akivua aproni si atapita katikati yao na ndizi zake na hakuna atakayemgusa? Ndio hivyo. Jeni ya CD19 inaharibika ama inasomwa nusu, alama haionekani juu ya seli, wenye alama wote wanauawa na ile moja isiyo nayo inabaki kuzaana. Kuna kisa cha Marekani kilichapishwa 2018, seli moja ya lukemia iliwekewa ile jeni ya CAR-T kimakosa huko maabara, ikafunika CD19 yake yenyewe, na kutoka kwa hiyo moja ugonjwa ukarudi wote. Mgonjwa alikosea wapi hapo?

"Basi arudishiwe zile zile." Kama CD19 imepotea, mnamwaga pesa. Kama bado iko, pengine seli za T zilichoka ama zikaisha mapema, na seli B za kawaida, ambazo pia zina CD19, zikirudi haraka hapo ndio tunashuku askari wameshaondoka.

"CAR-T ni moja kwa kansa zote za damu." Wapi. Ya mayeloma, kansa nyingine ya uboho, inatafuta alama tofauti, BCMA.

"Ni sukari ya chai imerudisha kansa." Kunywa chai yako.

Mimi nawaambia kila siku, kabla ya kuitisha harambee ya pili, uboho upimwe upya na ripoti iandikwe wazi: CD19 iko ama haiko, na CD22, alama nyingine ya seli B inayoweza kulengwa, je? Nilifungua faili ya shangazi, mna risiti hadi za teksi. Hiyo laini moja haimo.